Wa Ng'ambo ya Mto

5 Machi 1973

Mvua bado. Joto limenikaa kifuani tangu asubuhi na sina subira na mtu.

Bwana Hiza, bwana afya wa wilaya, amekuja kutoka Korogwe na habari ambayo nilikwisha kuikatia tamaa. Serikali itaipa hospitali yetu ruzuku, fedha na dawa, ili tuwatibu bila malipo watu wa vijiji sita vya jirani ambao si wafanyakazi wa shamba. Hospitali hii ni ya shamba la mkonge. Mwenye kipande, yaani kadi ya kazi, hutibiwa, yeye na mkewe na wanawe. Asiye na kipande huambiwa aende hospitali ya mjini, na kama hana nauli, miguu anayo. Kwa miaka yote niliyofanya kazi hapa, mimi ndiye ninayewaambia hivyo, nimesimama mlangoni na nguo yangu nyeupe. Nilizaliwa humu humu, kwa kipande cha marehemu baba aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge, kwa hiyo sikuwahi kusimama nje ya mlango huo nikiumwa.

Kaleb, mganga wetu, aliuliza habari za watu wa ng'ambo ya mto Pangani, maana vijiji vyote sita viko upande huu. Bwana Hiza akajibu kwamba ng'ambo ni Handeni, na Handeni ni wilaya nyingine yenye ofisi yake; wakitaka, na waombe. Utaratibu wenyewe ni kwamba mgonjwa aje na balozi wake wa nyumba kumi, balozi aseme huyu ni wa kwangu, basi. Nimeupenda. Kitu chenye utaratibu hudumu.

12 Machi

Wiki nzima hakuna aliyekuja. Dawa zimepangwa rafuni, mimi nesi nimenyoosha vitambaa, mlango uko wazi, na watu wanapita barabarani wakiangalia pembeni.

15 Machi

Nimejua sababu. Wazee wa Kwashemdoe, kimoja cha vile vijiji sita, wanasema kupimwa na mganga wa shamba ndiko kuandikwa kazi. Zamani ilikuwa hivyo kweli: manamba walipimwa kifua, wakapewa namba, kesho yake wakapewa panga. Kwa hiyo wameamini serikali inatafuta wakata mkonge kwa ujanja. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba baba yangu naye alianza kwa kupimwa kifua.

16 Machi

Mzee Mbaruku, balozi wa Kwashemdoe, amekuja mwenyewe na kidonda chake cha mguu. Ni mtu wa utani mwingi. Aliwaambia watu wamngoje nje; asipotoka kabla ya adhuhuri, wakamtafute kwenye mkonge. Nikamsafisha, nikamfunga, akatoka akiwa ameinua mikono kuonyesha kwamba hana panga. Watu barabarani walimpokea kwa kicheko.

19 Machi

Wamejaa mpaka bawaba ya mlango imeng'oka.

23 Machi

Mawingu yamekaa juu ya milima upande wa Mombo, hayashuki.

Leo amekuja Isihaka, kijana mkulima wa Kwashemdoe, na mkewe Mwantumu. Mimba ya kwanza. Mbaruku amewasindikiza na kusema ni wake. Mwantumu ni msichana mpole, mfupi, kichwa chake kinanifika begani, nami si mrefu. Nimempima nyonga mara mbili na Kaleb akampima tena. Tumekubaliana: mtoto huyu hatapita kirahisi, na huenda mama akahitaji kupasuliwa. Ajifungulie hapa, gari la shamba liwe tayari kumkimbiza Korogwe.

Isihaka alikubali yote. Kisha akasema, akiangalia vidole vyake vya miguu, kwamba lakini mama yake Mwantumu anakuja kumchukua. Kwao ni Kwedilongo, ng'ambo, Handeni. Mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mzazi. Nilimuuliza kama kule kwa mama kuna kisu cha kupasulia na daktari wa kukishika. Akamwinua mkewe, wakaaga. Nilijiona nimesema sawa sawa.

27 Machi

Mvua imeanza alfajiri. Kaleb ananichosha. Kila mgonjwa, hata yule anayetapika mbele yake, lazima amuulize: umetokea wapi? Balozi amekwisha kusema, yeye anauliza tena. Ni mtu mwoga wa ofisi.

2 Aprili

Bi Fatu amekuja, mama yake Mwantumu. Mwanamke mkavu, mrefu kuliko bintiye, wa kusema kidogo. Athuman, mvushaji wa mtumbwi, alimvusha, na maji yamekwisha kupanda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi chini ingawa nilimpa kiti.

Nilimweleza habari za nyonga, na gari, na Korogwe. Alisikiliza vizuri. Alipofungua kinywa alisema kwamba mtoto wa kwanza asipozaliwa kwa mama, mama amemtupa bintiye. Kwamba yeye alizaliwa kwa bibi yake, na Mwantumu alizaliwa kwa mama yake yeye, na hakuna aliyevunja. Nikarudia habari za nyonga. Naye akarudia habari za mama. Tulikuwa watu wawili tunaotwanga kinu kimoja kila mmoja kwa zamu yake, na hakuna unga.

Mwishoni akauliza, "Nikiwa naye kule kwangu, na shida ikija, mtakuja?"

Nilikuwa nimechoka na watu walikuwa wamejaa mlangoni. Nikamwambia, "Wa ng'ambo hatujapewa, mama. Ukivuka naye, mkono wangu haufiki."

Akaitikia kwa kichwa. Akaaga, akarudi mtoni peke yake, bila binti. Kaleb aliniambia nimesema kwa ukali. Nilimjibu kwamba nimesema kweli, na binti amebaki upande huu, si ndicho tulichotaka?

3 Aprili

Mvua.

5 Aprili

Mvua. Kambi ya tatu ya wafanyakazi imeingiwa na maji. Nimeshona bawaba ya mlango kwa waya.

8 Aprili, Jumapili

Nilikuwa nimetoka kanisani na kanga imenilowa mpaka magotini nilipomwona Bi Fatu kwenye ua wa hospitali. Amerudi. Alikuwa na kapu kubwa kichwani, na alipolishusha ardhi ilitikisika. Ndani mna mafiga matatu, meusi, yale yale ya jikoni kwake. Amevuka nayo kwenye mtumbwi, mto umejaa, pamoja na chungu, mkeka na kuku mmoja. Athuman anasema alimsihi ayaache mawe, kwani mawe yako pande zote za mto. Bi Fatu akamwambia apige kasia.

Aliomba mahali. Nje ya ua wetu, kama hatua ishirini kutoka chumba cha dawa, kuna banda lililokuwa la kuwekea makaa. Kaleb alimpa bila kuuliza chochote, jambo ambalo lilinishangaza. Bi Fatu alifagia, akapanga mafiga, akawasha moto, akachemsha maji. Kisha akaniita.

"Sasa hapa ni kwangu," alisema. "Nileteeni mwanangu. Uchungu ukimjia mtamchukua ninyi, hatua chache tu. Lakini atatokea kwa mama."

Nilimkubalia. Kwa siku sita nimemwita mkaidi, kwa Kaleb na kwa kila aliyetaka kusikia, na siku hizo sita yeye alikuwa akitafuta njia ya kutomtupa bintiye na kutokataa neno langu. Ameacha shamba la mahindi yaliyoota juzi, msimu wenyewe huu, na nguruwe mwitu wa Handeni hawangoji mtu. Mdogo wake, Tatu, ataliangalia pamoja na la kwake. Nimeona haya.

9 Aprili

Isihaka amemleta mkewe bandani kwa Bi Fatu, na wazee wawili, kwa heshima zote, kama angempeleka Kwedilongo. Mbaruku naye alikuja na utani wake. Alisimama mlangoni mwa banda akatangaza, "Nesi, mfute Mwantumu kwangu. Amekwisha kuchukuliwa na mama yake. Mpaka atakaporudishwa kwa mume, mimi simjui, ni mtu wa Handeni."

Tulicheka wote. Bi Fatu peke yake hakucheka. Alimuuliza Mbaruku kama ni kweli, na Mbaruku, mtu asiyejua kuacha utani katikati, akasema kweli tupu, na Bwana Hiza akija atamfukuza. Tukacheka tena.

15 Aprili

Maulidi kijijini. Sauti za dufu zilifika huku katikati ya mvua. Bi Fatu amenipa sahani ya wali.

17 Aprili

Athuman ameleta salamu za Tatu: nguruwe wameingia, shamba la Bi Fatu limekwisha upande wa bondeni. Bi Fatu alisikia, akauliza kama Tatu mwenyewe ni mzima, kisha akaendelea kumkanda Mwantumu miguu. Nilimpa pole. Akasema mahindi huota tena.

20 Aprili, Ijumaa Kuu

Naandika jioni, mikono bado ina harufu ya dawa.

Uchungu ulimshika Mwantumu alfajiri. Bi Fatu alimleta mwenyewe, amemshika kiuno, akamkabidhi kwangu mlangoni kwa maneno machache ya Kizigua ambayo ni dua. Kisha akarudi bandani. Nilidhani amechoka. Nilipomfuata kumwambia aje aketi na bintiye, alisema moto wa mzazi hauachwi mpaka mtoto azaliwe, na banda linavuja. Alikuwa ameketi na mgongo wake upande wa mvua, kanga ametandaza juu ya mafiga.

Tulingoja. Kila nilipompima, kichwa cha mtoto kilikuwa pale pale juu. Mwantumu hakulia kwa sauti. Aliniuliza tu, kila baada ya muda, kama moshi unaonekana. Chumba cha wazazi kina dirisha upande ule, nami niliangalia nikamwambia unaonekana. Mara moja haukuonekana na nilimwambia unaonekana.

Adhuhuri Kaleb alitoka nje akasimama barazani. Aliporudi alisema kichwa hakishuki, tumpeleke. Meneja wa shamba hakuwepo na dereva, Matayo, alisema bila meneja gari halitoki. Hapo nilimwona Kaleb niliyekuwa simjui. Hakupaza sauti. Alimwambia Matayo kwamba gari hili sasa lina mafuta ya serikali ndani yake, na mama huyu ni katika wale ambao mafuta hayo yametolewa kwa ajili yao, na kama meneja atauliza, jina la kutaja ni Kaleb. Matayo akawasha gari.

Barabara yote ni tope. Mara tatu tulishuka kusukuma, mimi, Kaleb na Isihaka, na Mwantumu amelala nyuma juu ya godoro akishika chuma cha kiti. Nilikuwa nimemshika mkono wakati wote tuliokuwa ndani. Nilimwomba Mungu kwa maneno yasiyo na adabu, siku ya kufa kwa Mwanawe. Tulifika Korogwe saa kumi. Walimwingiza chumba cha kupasulia moja kwa moja, mimi nikarudi na gari, kwa sababu hapa hakuna nesi mwingine.

Nilikwenda bandani kumwambia Bi Fatu kwamba amefika akiwa hai. Nguo yake yote ilikuwa maji. Moto ulikuwa unawaka.

22 Aprili, Pasaka

Matayo ametoka mjini na habari: mtoto wa kike, mzima. Mama mzima. Nilikimbia mpaka bandani bila viatu. Bi Fatu aliinama akagusa ardhi kwa paji la uso. Alipoinuka alikohoa sana.

26 Aprili

Mvua imepungua mchana, imerudi jioni. Watoto wengi wa surua.

30 Aprili

Mwantumu amerudishwa, mshono umekauka vizuri. Mtoto ni mwekundu, ana sauti. Wamekwenda bandani kwa bibi yake kukaa siku arobaini, kama ilivyo. Kaleb na Isihaka wameezua paa na kuliezeka upya kwa makuti mapya.

Bi Fatu anakohoa. Nilimuuliza, akasema ni moshi. Nilimwambia aje apimwe. Alicheka kidogo, akasema mwenye kupimwa ni mzazi.

4 Mei

Surua. Tumezika mtoto mmoja wa kambini.

7 Mei, Jumatatu

Nimepita bandani asubuhi kumwangalia mtoto. Bi Fatu alikuwa ameketi karibu mno na moto, midomo imepasuka, uji wake haujaguswa. Nilimuuliza mbona hali. Akasema amefunga, funga ya Jumatatu, shukrani kwa ajili ya mjukuu. Nikamwambia Mungu apokee. Mtoto ameongezeka uzito.

9 Mei

Mto umevunja ukingo. Athuman havushi tena.

11 Mei, Ijumaa

Mwantumu alikuja mlangoni akiwa na mtoto mgongoni, anakwenda polepole kwa sababu ya mshono. Alisema mama haamki.

Tulimbeba kwa mkeka wake. Alikuwa moto mwili mzima, pumzi fupi, na kifua upande wa kulia kimejaa. Malaria, na kichomi juu yake, na si cha jana. Kaleb alimchoma penisilini na kwinini bila kuuliza umetokea wapi. Ni mara ya kwanza kumwona akimshika mgonjwa bila kuuliza.

Alasiri Bi Fatu alipata akili. Alipoona dari ya hospitali alijaribu kushuka kitandani. Nilimzuia kwa mabega, nikahisi mifupa tupu chini ya mkono wangu.

"Msinitibu humu," alisema. "Nitoeni kabla hawajaniona."

Nilimuuliza nani asimwone.

"Mtu wa wilaya. Mimi ni wa ng'ambo. Mkinitibu watauliza huyu ni nani, watajua. Na Mwantumu, mpaka nimrudishe kwa mumewe, ni wangu. Watasema na yeye ni wa ng'ambo. Watamtoa na mshono wake."

Nilimwambia si hivyo. Nilimwambia Mwantumu ni mke wa Isihaka, wa Kwashemdoe, ruzuku ni yake kwa haki, hakuna anayeweza kumtoa, hata angelala kwa mama yake miaka kumi. Alinitazama kwa huruma, namna mtu mzima anavyomtazama mtu aliyeingia ukoo juzi. Akasema, "Ulisema mwenyewe, nesi. Na balozi alisema."

Basi ndiyo hiyo. Kwangu mimi, Mwantumu aliingia Kwashemdoe siku alipoolewa, akabaki. Kwa Bi Fatu, alitoka siku ile Isihaka alipomleta bandani na wazee wawili, na hajarudi bado. Sisi tulicheka. Yeye aliona kitu kimoja tu ambacho kingefanya bintiye atolewe nje, nacho ni mwili wake ukiumwa, kwa hiyo akauficha. Alikohoa ndani ya kanga. Alijifanya amefunga. Alilala hatua ishirini kutoka kwenye dawa, na kila asubuhi nilipita nikamwamkia.

Nimemwapia kwa jina la Mungu kwamba hakuna atakayewatoa. Sijui kama amesikia. Alikuwa ameshikilia ncha ya kanga ya Mwantumu.

12 Mei

Hajambo kidogo asubuhi. Amekunywa maji ya wali vijiko vichache. Jioni homa imerudi. Kaleb hajatoka wodini.

13 Mei, Jumapili

Bi Fatu amefariki leo baada ya adhuhuri. Mwantumu alikuwa amemwekea mtoto kifuani.

Sikwenda kanisani.

14 Mei

Amezikwa Kwashemdoe, kwa mkwewe, kwa kuwa mto hauvukiki na maiti haingoji. Tatu, mdogo wake, alisimama ng'ambo ya maji na watu wa Kwedilongo wakati wa mazishi. Tuliwaona wameinua mikono kuomba dua pamoja nasi. Sauti haikufika.

Mzee Mbaruku hakusema neno la utani tangu asubuhi. Baada ya kaburi alikuja kuketi na mimi na Kaleb barazani, akalia bila kujificha. Akasema kama angejua mama yule hakuelewa kwamba ni mchezo, angemdai kuwa wake siku ile ile, kama anavyowadai wengine.

Nikamuuliza wengine gani.

Walitazamana, yeye na Kaleb. Kisha Kaleb akanieleza, taratibu, akiwa ameinamisha kichwa. Tangu Machi wanawatibu watu wa ng'ambo. Athuman mvushaji ni mtu wa Handeni, ametibiwa macho hapa hapa. Kaleb huuliza umetokea wapi ili amjue wa ng'ambo, akimjua humpeleka kwa Mbaruku, na Mbaruku humleta tena mlangoni akisema huyu ni wa kwangu. Nami nimewapokea wote kwa mikono yangu, nimewafunga vidonda, nimewapa vidonge.

"Kwa nini hamkuniambia?" niliuliza.

"Kwa sababu ungekataa," Kaleb alisema.

Ni kweli, ningekataa. Mwezi Machi ningekataa, na ningejivuna. Nilimwita mtu huyu mwoga katika kitabu hiki hiki. Wote walijua mlango ulipo, hata mvushaji. Bi Fatu hakuambiwa kwa sababu alikuwa mgeni wangu mimi, na watu waliona haya kumnong'oneza mgeni wa nesi kwamba maneno ya nesi yana njia ya kuzunguka.

Nimekaa na maneno hayo mpaka sasa. Nina hasira na Kaleb kwa kunificha, na nina hasira zaidi kwa kuwa alikuwa na sababu.

17 Mei

Mvua. Mwantumu hana maziwa ya kutosha, kwa majonzi. Nampelekea uji wa ulezi.

23 Mei

Maziwa yamerudi. Mtoto ameitwa Fatu.

26 Mei

Mto umeshuka. Tatu amevuka, mtumbwi wa kwanza. Alikwenda kaburini kwanza, kisha akaja kwangu kuniamkia. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Alinishukuru kwa uji.

30 Mei

Arobaini ya mtoto imetimia. Tatu amemrudisha Mwantumu kwa mumewe, badala ya dada yake. Wametoka bandani asubuhi, Tatu amembeba mtoto, nami nimefuata nyuma na mkeka. Mlangoni kwa Isihaka Tatu alisema, "Mlitukabidhi mmoja, tunawarudishia wawili," na wanawake wakapiga vigelegele, kisha baadhi yao wakaanza kulia, na vigelegele na kilio vikaenda pamoja.

11 Juni

Jua la kwanza la maana. Nimeanika magodoro yote.

Amekuja mwanamke wa ng'ambo na mtoto mwenye degedege, amevuka na Athuman, hana balozi. Nilimchukua mtoto mikononi kabla hajamaliza kuniamkia. Kaleb alikuja mbio akiuliza umetokea wapi, akakuta nimekwisha kumchoma sindano. Akarudi alikotoka.

28 Juni

Bwana Hiza amekuja na viatu visafi, barabara imekauka. Tuliketi ofisini kwa Kaleb, Mbaruku naye akaitwa kwa niaba ya mabalozi. Bwana Hiza alitaka hesabu ya msimu: waliotibiwa kwa ruzuku, waliozaa, waliokufa. Kaleb akasoma. Katika wazazi wote wa vijiji sita, hata mmoja hakufa. Katika watu wazima wa vijiji sita waliolazwa, hata mmoja hakufa.

Bwana Hiza alifurahi kweli, na si mtu mbaya. Alisema huko juu hawataamini, alisema ruzuku itaendelea mwaka ujao na huenda ikaongezwa, na akaomba aonyeshwe yule mama aliyekimbizwa Korogwe, kwa kuwa habari yake imefika mpaka Tanga. Mwantumu akaletwa na mtoto wake mnene. Bwana Hiza akampongeza. Akamuuliza anaishi na nani. Mwantumu akasema na mume wangu.

Mwantumu alipotoka nilimwambia Bwana Hiza kwamba amekufa mmoja. Akafungua kalamu. Akauliza wa kijiji gani.

Nilisema Kwedilongo.

Alifikiri kidogo, akatafuta kwenye orodha yake, akauliza kama hiyo si Handeni. Nikasema ni Handeni. Mbaruku alifungua kinywa na nilijua anataka kusema huyu ni wa kwangu. Nilimwomba kwa jicho anyamaze. Nilitaka Bi Fatu atajwe kwa kijiji cha kwao. Alikificha mpaka kikamuua, angalau mara moja kitajwe kwa sauti ofisini mbele ya mtu wa wilaya.

Bwana Hiza alinipa pole kwa upole, kama jirani. Akasema wa Handeni hesabu yao ni ya Handeni. Akafunga kalamu, akairudisha mfukoni.

Nimeuliza kwa Athuman, na Handeni nao hawakumwandika, kwa sababu hakufia kwao. Kwa hiyo namwandika hapa. Fatu binti Sadala, wa Kwedilongo, mama yake Mwantumu. Alikufa kwa homa na kichomi, alivyovificha nje ya ua wetu.